Koti la Kiranja Mkuu

Mkuu wa shule alifundisha uraia kwa mdomo na kwa dasta. Kitabu hakukihitaji, maana chote kilikuwa kichwani mwake tangu enzi ambazo baadhi ya walimu wenzake walikuwa bado wananyonya. Akiingia darasani hakupoteza muda na salamu. Aligonga meza kwa dasta, vumbi la chaki likapaa, akauliza:

"Nani mwenye mamlaka?"

"Wananchi!" darasa likaitikia.

"Kiongozi ni nani?"

"Mtumishi!"

"Kura hupigwaje?"

"Kwa siri!"

"Huhesabiwaje?"

"Hadharani!"

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya waliopiga!"

"Sijasikia. Mmekula nini nyinyi? Tena!"

Kwa ajili ya hiyo "tena" yake, wanafunzi walimbatiza jina la Mzee Tena. Walilitumia akiwa mbali tu. Shule yake iling'ara katika somo la uraia kila mwaka, na ungeweza kumwamsha mtoto wa kidato cha kwanza usingizini ukamuuliza kura huhesabiwaje, akakujibu kabla hajafumbua macho. Kisha angegeuka upande wa pili na kuendelea kukoroma.

Pindo naye alikuwa hivyo hivyo. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa walimu. Wenzake walimwita Pindo kwa sababu mama yake, fundi cherehani, alimshonea sketi zenye pindo refu kupita kiasi ili kila anaporefuka, pindo lishushwe. Mikunjo ya zamani haikufutika hata kwa pasi ya moto. Ilipangana chini ya sketi kama alama za maji kwenye ukuta wa tangi, na mtu angeweza kuisoma akajua Pindo amerefuka lini na kiasi gani.

Mambo yalianza siku alipokuja mkaguzi wa elimu, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya chini. Alikaa nyuma ya darasa la kidato cha tatu akasikiliza kiitikio chote, "tena" zote, mpaka mwisho. Akapiga makofi. Kisha akasimama.

"Hongereni sana. Sasa niambieni, kiranja mkuu wenu mlimchagua lini?"

Kila mmoja alipekua kichwani akatafuta jibu, na hakuna aliyelipata, kwa kuwa swali lile halikuwa na kiitikio. Mwishowe sauti moja kutoka pembeni ikajaribu bahati yake.

"Hadharani?"

Hata mkaguzi alicheka. Mzee Tena peke yake hakucheka. Miaka yote viranja walipatikana katika chumba cha walimu, kati ya kikombe cha kwanza cha chai na cha pili, na hakuna mtoto aliyewahi kuuliza. Mkaguzi alipoondoka, haikupita wiki ikatangazwa kwamba mwaka huu kutakuwa na uchaguzi. Sanduku la kura, wagombea, tume, kila kitu.

Mwenyekiti wa tume aliteuliwa Pindo. Mkuu alimteua kwa sababu alikuwa mpole, alikuwa na mwandiko mzuri, na mama yake ndiye aliyeshona sare za shule. Sababu mbili za kwanza alizitaja mbele ya paredi.

Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Bosi, mtoto wa mwenyekiti wa bodi ya shule, kijana mfupi mwenye mabega mapana kama mlango wa stoo. Ubosi wake ulikuwa wa baba yake. Yeye mwenyewe alikuwa mcheshi, na aliwahi kuigiza mwendo wa Mzee Tena mpaka mwalimu wa hesabu akalazimika kutoka nje akamalizie kicheko chake huko. Wa pili alikuwa Twiga, nahodha wa netiboli, msichana mrefu ambaye mwaka uliopita alimfuata Mkuu ofisini kila asubuhi kudai vyoo vya wasichana viwekwe milango, mpaka Mkuu akachoka na milango ikawekwa. Pindo alikwisha amua moyoni kura yake inakwenda wapi.

*

Jumanne jioni, siku mbili kabla ya uchaguzi, alirudi nyumbani akamkuta mama yake kwenye cherehani. Chumba chao cha mbele ndicho kilikuwa karakana, mkabala na lango la shule, na siku zote kilinuka mafuta ya mashine na kitambaa kipya. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, lilining'inia koti la kijani lenye ukingo wa njano kwenye mfuko. Pindo alilijua. Katika shule nzima ni mwanafunzi mmoja tu aliyevaa koti. Wengine wote walivaa sweta.

Akaliteremsha, akalivaa kwa mzaha, akajitazama kwenye kioo. Mikono ilimtosha sawasawa. Mabega yalimmwagika huku na huku kama mtu aliyebeba trei.

"Vua hilo, litachafuka," mama alisema bila kuinua macho.

"La nani, mama?"

"La kiranja mkuu."

"Kiranja mkuu yupi?"

Mama akachukua pini kwenye kisahani, akazibana midomoni moja baada ya nyingine. Pindo aliijua tabia hiyo. Mama yake alikuwa na pini mdomoni kila alipoulizwa jambo ambalo hakutaka kulijibu.

"Mama, uchaguzi ni keshokutwa."

"Mm."

"Kura hata moja haijapigwa."

"Mm-mm."

"Sasa umempima nani?"

Mama akazitema pini kiganjani. "Nimeletewa mtu, nimepima. Mkuu mwenyewe alimleta Jumamosi, akasema fundi, pima huyu, koti liwe tayari Ijumaa asubuhi, mgeni wa bodi anakuja kumvisha. Mimi kazi yangu kushona, Pindo. Siulizi nguo inakwenda wapi."

"Ni Bosi! Mabega haya hayana mtu mwingine. Twiga akilivaa hili, mikono itamwishia kwenye viwiko."

"Huyo Twiga mimi simjui."

"Ni mgombea, mama!"

"Basi Mungu amjalie." Mama akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja na kumtazama mwanawe usoni. "Nisikilize vizuri. Sare za shule nzima zinapita kwenye sindano hii. Siku utakayofungua mdomo wako huko kuhusu koti, cherehani hii itageuka meza ya kuwekea vikombe, na mimi na wewe tutatazamana. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Umeelewa, au umeitikia?"

Pindo alivua koti, akalirudisha kwenye msumari, akalinyoosha kola kwa vidole kama vile koti ndilo lililokosewa.

*

Kesho yake kulikuwa na kipindi cha uraia. Dasta likagonga, vumbi likapaa, darasa likaitikia. Kwa mara ya kwanza Pindo aliacha kuitikia, akasikiliza. Wananchi. Mtumishi. Kwa siri. Hadharani. Maneno yaleyale ambayo yamepita kinywani mwake mara nyingi kuliko uji, na hakuwahi kuyatafuna hata siku moja. Alimtazama Mzee Tena akitembea mbele ya ubao, mzee mwenye suruali iliyopigwa pasi vizuri, akifurahia jinsi watoto wake wanavyojua. Hakuonekana kama mtu anayedanganya, na hilo ndilo lililomchanganya Pindo zaidi. Mzee aliyapenda maneno yale. Ila aliyaweka kama watu wanavyoweka vikombe vya wageni, kabatini, nyuma ya kioo.

"Wewe Pindo, mdomo mama yako ameushona?"

Darasa likaangua kicheko.

"Hapana, mwalimu."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya waliopiga, mwalimu."

"Vizuri. Ukitoka hapa njoo."

Nje, kwenye baraza, sauti ya Mkuu ilikuwa ya kibaba. "Kesho mkimaliza kupiga kura, sanduku liletwe ofisini kwangu. Msilifungue. Walimu tutahesabu, matokeo nitayatangaza Ijumaa kwenye paredi."

"Ofisini, mwalimu?"

"Kwani hujui ofisi yangu ilipo?"

Pindo aliinamisha kichwa. Kuinamisha kichwa si kuahidi, alijiambia akirudi darasani, na hapo hapo akashangaa kwamba amelifikiria jambo hilo. Mama alimkataza kusema habari za koti. Sawa, hatasema. Habari za sanduku hakumwahidi mtu kitu.

*

Alhamisi, bwalo la chakula liligeuzwa kituo cha kura. Sanduku lilikuwa katoni ya sabuni iliyovishwa karatasi ya manila, na kura zilikatwa kutoka karatasi za mitihani ya zamani, kwa hiyo nyuma ya kila kura kulikuwa na kipande cha swali la jiografia. Mtu alipigia kura juu ya meza iliyozungushiwa shuka la bweni. Mlangoni alisimama Redio, katibu wa tume na rafiki wa Pindo, msichana ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuzimwa.

"Foleni inyooke, ndugu wapiga kura! Wewe, acha kusukuma, uchaguzi hauna mwendokasi. Kaka, umeingia na shuka au shuka limekuingia? Toka, wenzako wanasubiri!"

Watu walipiga kura wakicheka. Lakini Pindo, aliyekaa karibu na sanduku, aliona kwamba kila aliyeingia nyuma ya shuka alitoka na uso mwingine, hata wale watundu. Walikunja karatasi zao ndogo wakazibana kwa vidole viwili na kuzisukuma kwenye tundu polepole, kisha wakachungulia ndani kana kwamba wameangusha ufunguo.

Mtu wa mwisho alipopiga, watu wakaanza kuinuka warudi madarasani. Pindo akapanda juu ya benchi.

"Msiondoke," akasema. Sauti ilimtoka ndogo. Akaipandisha. "Jamani, kaeni! Tunahesabu."

"Mmesikia tume!" Redio akapaza. "Kaeni, tunahesabu!"

Walikuwa ndiyo kwanza wanakaa pale mlango ulipofunguliwa akaingia Mkuu, dasta mkononi kama kawaida yake, nyuma yake mwalimu wa nidhamu.

"Pindo. Sanduku."

"Tunahesabu, mwalimu."

"Nilisema lije ofisini."

"Ndiyo mwalimu, ulisema." Akashuka kwenye benchi, akasimama mbele ya meza, mgongo wake umeegemea katoni ya sabuni. Alisikia manila ikikwaruza sweta lake.

Mkuu akamsogelea, akainama kidogo, akapunguza sauti kama mtu anayemuulizia mgonjwa. "Mama yako hajambo?"

"Hajambo, mwalimu."

"Msalimie. Mwambie kuna fundi mwingine amekuja kuomba kazi ya sare. Bado sijamjibu. Unanisikia?"

Pindo alimsikia. Aliiona cherehani ya mama yake imefunikwa kitambaa cha meza, vikombe vimepangwa juu yake, na mama amekaa kando bila kitu mkononi. Alitamani awe na pini, azibane midomoni asitakiwe kusema neno. Umeelewa, au umeitikia? Sketi ilimgusa miguuni, na mikunjo yake yote ya zamani. Akapiga moyo konde.

"Mwalimu," akasema kwa nguvu, ili hata walio kwenye mabenchi ya nyuma wasikie, "mama yangu hayumo kwenye sanduku hili."

Watu wa mabenchi ya nyuma wakasimama ili waone.

Uso wa Mkuu ukabadilika. Alizoea watoto wanaolia na watoto wanaokimbia, lakini huyu alikuwa anatetemeka na hasogei. Akagonga meza kwa dasta. Vumbi likapaa.

"Utovu wa nidhamu! Hivi mnafundishwa nini nyinyi? Nani mwenye mamlaka?"

"WANANCHI!"

Liliwatoka lenyewe. Bwalo zima, kidato cha kwanza mpaka cha mwisho, kwa sauti moja, kama wanavyofanya kila wiki. Pakapita kicheko kifupi, kicheko cha watu waliojikwaa. Kisha kikafa. Watu walitazamana. Walikuwa wamejisikia wenyewe.

"Kimya! Hapa si darasani!"

Pindo akageuka, akapiga meza kwa kiganja. Kiganja kilimuuma.

"Kura hupigwaje?"

"Kwa siri!"

"Huhesabiwaje?"

"Hadharani!"

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya waliopiga!"

"Sijasikia!" Redio akadakia kutoka mlangoni, mikono kiunoni. "Mmekula nini nyinyi? Tena!"

"MBELE YA WALIOPIGA!"

Sufuria jikoni zilitikisika. Mwalimu wa nidhamu alipiga hatua moja mbele, akamtazama Mkuu, akarudi hatua hiyo hiyo nyuma.

"Hayo," Mkuu alisema, na sauti ilikwaruza, "hayo ni ya mtihani!"

"Basi tusahihishe, mwalimu," Pindo alisema. "Kama tumekosea tuambie hapa hapa, mbele ya wote. Jibu sahihi ni lipi?"

Mkuu akafungua kinywa. Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema hadharani ni ofisini. Lakini maisha yake yote ya ualimu alikuwa akiwasahihisha watoto waliokosea jibu hilo, akiwapigia mstari mwekundu na kuwaambia warudie, na sasa lile jibu jingine halikumpanda ulimini. Akalitazama dasta mkononi kana kwamba limemsaliti. Akatafuta msaada kwenye mabenchi, macho yake yakamwangukia Bosi.

"Wewe, mgombea. Simama uwaambie wenzako watulie."

Bosi akasimama. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha usoni.

"Wahesabu tu, mwalimu. Mimi nataka kujua."

"Kujua nini? Kaa chini!"

"Koti nilishapimwa tangu Jumamosi, mwalimu." Mnong'ono ukakimbia bwalo zima kama moto kwenye majani makavu, Bosi akangoja upite. "Tangu siku ile nikipishana na mtu najiuliza, huyu angenichagua? Sijui. Kwa kweli sijui kama yupo hata mmoja. Nikilivaa hivi hivi sitajua milele."

Pindo alimtazama kwa mshangao. Siri aliyoibana kifuani siku mbili ilikuwa imetoka kwa mwenye mabega mwenyewe.

Mkuu akamnyooshea Pindo dasta. "Kesho asubuhi, ofisini kwangu, na mzazi." Akaenda kusimama mlangoni, mikono kifuani. Hakuondoka.

Wakahesabu. Redio alifungua kura moja moja, akaiinua juu ili kila mtu aione, akasoma. Pindo akachora vijiti kwenye ubao wa matangazo ya jikoni. Bosi. Twiga. Twiga. Bosi. Bwalo lilikuwa linaguna na kushangilia, na walipofika katikati hakuna aliyejali tena kama Mkuu yupo au hayupo.

"Hii imeharibika," Redio alitangaza. "Imeandikwa: nampigia mpishi, kwa sharti aongeze mboga."

"Ihesabiwe!" watu wakapiga kelele.

"Mpishi hakuchukua fomu!"

Kutoka dirisha la jikoni mpishi alipunga mwiko kushukuru wapiga kura wake.

Vijiti vilikwenda sambamba, kama watu wawili wanaopanda ngazi wameshikana mkono. Kisha katoni ikawa tupu. Pindo akaitikisa, akaipindua, akachungulia. Akahesabu vijiti. Akarudia kuhesabu, na safari hii, tusifiche, aliomba kimoyomoyo kwamba macho yake yawe yamekosea. Hayakuwa yamekosea. Bosi alikuwa amemzidi Twiga kwa watu ambao wangeweza kuenea kwenye dawati moja.

Akapanda tena kwenye benchi. Hakuna aliyejua alimpigia nani, na hakuna aliyepaswa kujua. Akasema kwa sauti iliyonyooka:

"Aliyechaguliwa kuwa kiranja mkuu ni Bosi."

Kelele ziliinua paa. Bosi alikaa mdomo wazi, kama mtu aliyeitwa jina lake katika mji wa ugeni. Twiga alivuka mabenchi akamfuata na kumpa mkono, ilimbidi ainame.

"Hongera. Milango ya vyoo imeanza kulegea bawaba. Jumatatu asubuhi niko kwako."

"Jumatatu yenyewe?" Bosi akauliza. "Hata kiti sijakalia!"

"Ndiyo nimekuwahi kabla hujakizoea."

Mlangoni Mkuu alitikisa kichwa, karibu acheke. "Si ndiye yule yule? Sasa makelele yote haya yalikuwa ya nini?"

"Sasa tumemchagua, mwalimu," Pindo alisema.

*

Nyumbani habari zilikuwa zimefika kabla yake. Kutoka bwaloni mpaka kwenye cherehani ni upana wa barabara tu. Mama alikuwa amekaa, mikono mapajani, mashine imenyamaza.

"Koti hukulisema."

"Sikulisema, mama. Alisema mwenyewe."

"Na aliyeshinda ni yule yule mwenye mabega?"

"Ndiye."

"Kwa hiyo umeweka rehani cherehani yangu kwa ajili ya mtu ambaye koti lake liko tayari nyuma ya mlango."

"Ndiyo, mama."

Midomo ya mama ikaanza kumcheza, akacheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kipande cha kitambaa. "Na wewe ulimpigia huyo huyo?"

"Kura ni siri, mama."

Kicheko kikakoma. Mama akainuka, akaliteremsha koti kwenye msumari, akaliweka mezani chali. Akachukua wembe wa kufumulia, akaanza na bega la kushoto. Uzi ulikatika kwa milio midogo, tiki, tiki.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nililikata kabla ya wakati wake," mama alisema. "Shika hapo, nyoosha."

*

Ijumaa asubuhi walisimama mbele ya meza ya Mkuu, mama na mwana. Dirishani paredi ilionekana imejipanga, na mbele yake Bosi, kavaa sweta lake la siku zote, lenye tundu kwenye kiwiko. Mgeni wa bodi, mwanamume wa tai ndefu, alikwisha fika na alikuwa akitazama saa. Mama alining'iniza utepe wa kupimia shingoni. Mdomoni hakuwa na pini hata moja.

"Fundi," Mkuu alisema, "yanayohusu huyu mtoto tutayazungumza. Kwanza koti. Mgeni anangoja."

Mama akafungua mfuko aliokuja nao, akapanga mezani mgongo, vipande viwili vya kifua, mikono miwili na kola.

"Hiki nini?"

"Koti, mwalimu."

"Hili ni koti?"

"Ndivyo lilivyokuwa kabla ya uchaguzi. Nimekuja kupima."

"Kupima! Mtu ni yule yule! Vipimo si unavyo?"

"Vya Jumamosi ninavyo. Jumamosi nilimpima mtu aliyeletwa na wewe. Leo nampima aliyeletwa na hawa." Akanyoosha kidole dirishani.

Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nitatafuta fundi mwingine, mama."

"Tafuta, mwalimu. Nilikuwa nashona kabla sijaijua shule hii, sindano haitagoma nikitoka. Ila na huyo atakayekuja, mwambie asubiri kura."

Mkuu akavuta karatasi na kalamu. "Na binti yako atakaa nyumbani wiki mbili. Utovu wa nidhamu."

"Naomba uandike kosa lenyewe, mwalimu," Pindo alisema. Alitegemea sauti itetemeke, ikatoka nzima. "Andika kwamba nilihesabu kura hadharani. Mkaguzi akirudi nimwonyeshe."

Kalamu iligusa karatasi. Ikaacha nukta ndogo ya wino, na nukta ikaanza kutanuka. Nje mtu alikohoa, mtu akacheka, na paredi nzima iliendelea kungoja. Mkuu aliitazama ile nukta kama mtu anayetazama jibu la mtoto ambalo hajui alipe alama gani. Hatimaye akaweka kalamu chini.

"Nendeni," akasema.

"Tuende nyumbani au paredi?" mama akauliza.

"Nendeni, mama. Nendeni tu."

Mama akakusanya vipande vyote akavirudisha mfukoni. Nje ya mlango hakugeukia lango. Alikata uwanja moja kwa moja, kanga kiunoni, Pindo nyuma yake, mpaka mbele ya paredi, akampita mgeni wa tai kwa salamu fupi, akasimama mbele ya kiranja mkuu.

"Simama wima, mwanangu."

"Mama fundi, nimenenepa tangu Jumamosi?"

"Kaa kimya, unapimwa." Akanyoosha utepe kutoka bega mpaka bega, akamwambia Pindo ashike ncha, akasoma namba kwa sauti ya kawaida, kama anavyosoma kila siku ndani ya chumba chake.

Kutoka safu za nyuma Redio akaweka mikono mdomoni.

"Hatujasikia! Tena!"

Mama akageuka akaitazama shule, watoto wote ambao sare zao zilipita mikononi mwake. Kule barazani Mkuu alikuwa ametoka, amesimama na dasta lake. Mama akavuta pumzi, akaisoma namba upya, kwa nguvu, hadharani, na paredi nzima ikaiitikia.